Kura ya Siagi na Plamu

Mnyoa kondoo atakusamehe mengi. Atakusamehe banda linalovuja, kondoo dume anayempiga teke la mbavu, hata maji ya kuoga yasiyojua moto. Asilosamehe ni keki mbaya. Kuna jirani mmoja wa Kilmarra ambaye mwaka fulani aliwapelekea wanyoaji biskuti za dukani wakati wa chai ya asubuhi. Wakazitazama, wakafungua mashine zao ukutani, wakapanda magari, na kondoo elfu moja wakabaki na makoti yao mpaka katikati ya kiangazi. Mpaka leo jirani huyo akiingia kanisani hupata benchi zima peke yake.

Verna Pascoe, mke wa mwenye shamba la Kilmarra, hakuwahi kuguswa na aibu hiyo. Kwa miaka thelathini na moja, kila mwezi wa nane wanyoaji walipokuja kwa siku zao kumi, alibeba kapu lake mpaka bandani mara mbili kwa siku, saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa alasiri, na kapu lilirudi na makombo ya kuku tu. Keki ya chokoleti, keki ya karoti, keki ya matunda makavu, skonzi za jamu na krimu. Siku moja ya kunyoa ilikula kilo mbili za siagi. Doolan, mwakilishi wa wanyoaji, mtu mkavu asiyesifu hata mvua, aliwahi kusema mbele za watu kwamba keki ya Bi Verna ndiyo inayomfanya mgongo wake uendelee kumtii. Verna alilitunza neno lile kama watu wanavyotunza vyeti vya shule.

Kisha mwezi wa sita mumewe, Laurie, akadondoka kando ya pikapu yake, mkono kifuani, uso rangi ya unga uliokandwa. Madaktari wa mjini walimtia vijibomba viwili vya waya kwenye mishipa ya moyo, wakamrudisha nyumbani na kichupa cha dawa ya kupuliza chini ya ulimi. Nesi Anthea wa zahanati, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, akawapa karatasi mbili zilizofanana, moja ya mke na moja ya mume. Ziliandikwa jinsi ya kuoka bila kuua mtu: badala ya siagi tia tufaha zilizopondwa, badala ya krimu tia mtindi, unga uwe usiokobolewa, sukari ipunguzwe nusu. Verna alibandika yake kwenye friji. Laurie alisema ya kwake ameitia motoni, na kwamba imewaka vizuri.

Nyumbani alikula. Alinung'unika, lakini alikula, maana nyumbani hapakuwa na shahidi ila paka. Tatizo lilikuwa wanyoaji.

"Wakija, chako nitakutengea kwenye kisahani," Verna alimwambia wiki moja kabla.

"Mtengee mbwa."

"Daktari kasema, Laurie."

"Daktari hanyoi kondoo. Unataka nikae juu ya robota la sufu katikati ya wanaume sita, wao wanakula keki, mimi natafuna pumba kama farasi mzee? Mwaka ujao watakuja na mashada ya maua badala ya mashine."

"Basi usile kabisa."

"Nitakula wanachokula. Na wao usiwaguse. Ukichezea keki ya wanyoaji, hii sufu tutaikata kwa mkasi, mimi na wewe, mpaka Krismasi."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Laurie hakuwa akificha maradhi tu, alikuwa akiyaficha mbele ya watu ambao tayari walikuwa na habari zote, kwa sababu huko mtu hawezi kupiga chafya bila mji kumwombea afya. Verna alilia kidogo kwenye chumba cha kufulia, akafuta uso kwa taulo la mumewe, akapiga hesabu. Hawezi kumpa Laurie keki ya peke yake. Hawezi kumzuia asile ya wenziwe. Njia imebaki moja: wote wale keki ya mgonjwa, na asijue hata mmoja.

Jumatatu akaanza kwa keki ya chokoleti. Alisaga mamumunye mawili membamba mpaka yakawa kama uji, akayazamisha kwenye kakao, akatia mtindi, sukari akaipunguza, siagi akaiacha kwenye friji ikishangaa.

"Bata bwawani," Buluu, mnyoaji mkongwe, alipaza sauti alipomwona akivuka uwanja na kapu lake. Ndiyo ishara ya zamani ya wanyoaji kupeana habari kwamba mwanamke anakuja, watu wameze matusi yao. Siku hizi wasichana wawili walikusanya sufu humo humo bandani, na kwa matusi waliwashinda wanaume, lakini Buluu hakuona kwa nini aache desturi. Aliitwa Buluu kwa sababu ujanani nywele zake zilikuwa nyekundu. Watu wa huko hupenda kumpa mtu jina la kile ambacho hana. Ndiyo maana jitu la kilo mia na thelathini lililonyoa kwenye mashine ya tatu liliitwa Kadogo.

Kadogo alikula vipande vitano. Laurie alikula viwili, akaramba kidole, akamtazama mkewe kwa ushindi.

"Unaona? Siagi haijaua mtu."

Verna akageukia ukuta, akajifanya anahesabu vikombe.

Jumanne ilikuwa keki ya karoti, tufaha badala ya siagi, nusu ya unga ukiwa ule wa kahawia. Hapo Doolan alitafuna polepole kuliko kawaida.

"Bi Verna, umebadilisha kitu?"

"Tanuri linanisumbua."

"Usilitengeneze," alisema Doolan, akachukua kipande cha pili.

Jioni ile Verna alitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyepita mpakani na magendo bila kuulizwa. Na hapo ndipo kiburi kilipomwingia, maana aliyefanikiwa mara mbili huacha kuogopa. Jumatano ilikuwa zamu ya keki ya matunda makavu, ile ya heshima, na stoo palikuwa na gunia dogo la plamu kavu alilopewa na dada yake. Karatasi ya nesi ilisema plamu zichemshwe, zipondwe, zitiwe badala ya siagi, kwa kipimo cha nusu ya siagi. Verna akaona kama nusu ni afya, basi nzima ni afya zaidi. Akaona na sukari nayo ya nini, plamu zenyewe ni tamu, akaziongeza. Akatia na vikonzi viwili vya pumba, kwa kuwa nesi aliandika kwamba pumba husaidia tumbo.

Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, karatasi ilisema jambo jingine: kila mtu apewe kipande kimoja, ukubwa wa kiberiti. Verna alipolisoma hilo alicheka peke yake jikoni. Aliyeliandika hakuwahi kumwona mnyoa kondoo.

Keki ilitoka nyeusi, laini, inang'aa. Kadogo alikula vipande saba asubuhi na sita alasiri, wala hakuongoza. Hemi, aliyetoka New Zealand na kula kwa niaba ya nchi yake, alimpita. Laurie alikula vitatu na vitatu. Buluu aliomba kimoja cha kwenda nacho kulala.

Alhamisi kengele ya kazi ililia saa moja na nusu kama kawaida. Saa mbili na robo Kadogo alizima mashine yake akiwa katikati ya kumnyoa kondoo. Jambo hilo halikuwahi kuonekana Kilmarra. Mnyoaji akiletewa habari ya msiba humaliza kondoo kwanza, ndipo alie. Kadogo hakumaliza. Aliondoka kwa hatua fupi fupi, mgongo wima, macho mbele, na kondoo akabaki ameduwaa, nusu uchi, koti likining'inia bega moja. Hemi akazima yake. Kisha Buluu, ambaye katika miaka arobaini hakuwahi kuonekana akikimbia, akakimbia.

Choo kilikuwa kimoja. Kilikuwa cha bati, nyuma ya banda, mlango hauna komeo, kilichojengwa na marehemu baba yake Laurie kwa ajili ya watu wenye subira.

Verna alipofika na kapu saa tatu na nusu, hakuna aliyesema bata bwawani. Hilo ndilo lililomshtua kwanza. Akazunguka nyuma, akakuta wanaume wanne wamesimama mstari mmoja, wameshika matumbo, na Doolan wa mwisho akitoka jasho kipajini katika baridi ya mwezi wa nane.

"Buluu, kuna watu huku nje," alisema Hemi akigonga bati.

"Na humu kuna mtu," sauti ilijibu.

"Dakika kumi sasa, mzee wangu."

"Nenda kwenye mti."

"Kwenye mti yuko Bosi."

Verna akatazama. Huko uwandani mti mnene ulikuwa mmoja tu, mkalitusi wa kale, na nyuma yake iliinuka kofia pana ya Laurie. Kapu likamwelemea mkononi. Ndani yake, chini ya kitambaa, palikuwa na keki yote ya plamu iliyobaki jana. Akakivuta kitambaa kikafunika vizuri zaidi.

Baada ya nusu saa walikusanyika bandani, weupe midomo, wakikaa kwa uangalifu. Hakuna aliyegusa kapu. Wakaanza kumtafuta mchawi. Mmoja alisema tangi la maji. Hemi alisema nyama ya juzi. Buluu akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu ajuaye.

"Kondoo wabichi hawa."

Bandani neno hilo halisemwi ovyo. Kondoo mbichi ni yule ambaye manyoya yake yana maji, na kila mnyoaji amefundishwa na aliyemtangulia kwamba unyevu wake humwingia mtu mwilini ukamlaza. Mtu mmoja akilisema, kura hupigwa. Kila mnyoaji hunyoa kondoo wawili, huandika kwenye kikaratasi, mbichi au mkavu, hutia kofiani, na kofia ikisema wabichi mashine huzimwa. Hakuna rufaa.

"Wabichi?" Laurie alikuwa anaingia akifunga mkanda. "Wiki ya tisa hii hakujanyesha. Bwawa langu limekuwa uwanja wa mpira. Hata hao bata wenu wamehama."

"Mwaka wa tisini na mbili tulinyoa wabichi, nikalala wiki," alisema Buluu.

"Mwaka wa tisini na mbili ulilala wiki kwa sababu ya harusi ya dada yako."

"Bosi hana kura," alisema Doolan.

"Sina kura, nina macho. Shika huyu. Shika. Mkavu kama mahubiri ya mchungaji wetu."

Lakini desturi ni desturi. Kondoo wawili wawili walinyolewa, kwa mapumziko ya haraka hapa na pale, na kofia ya Laurie, iliyokuwa pana kuliko zote, ikawekwa juu ya meza ya sufu. Doolan akafungua vikaratasi. Wanne walisema wabichi, wawili wakavu.

"Kazi imesimama," alisema. "Tutajaribu kesho. Kesho wakiwa wabichi, sisi Jumatatu tunahamia kwingine, Bosi, na huku hatutarudi mpaka mwezi wa kumi."

Kila mtu pale alijua maana yake. Mwezi wa kumi kondoo wangekuwa na wana miguuni na sufu imejaa miba. Mwaka mzima wa kazi ungekuwa godoro la mbwa. Mkono wa Laurie ulipanda taratibu mpaka mfuko wa shati, pale kilipokaa kichupa cha dawa, ukabaki hapo. Na uso ukageuka rangi ya unga uliokandwa.

Verna alikuwa ameiona rangi ile mara moja tu, kando ya pikapu. Wiki nzima alikuwa amedanganya watu tisa ili mkono ule usipande kifuani, na sasa umepanda kwa sababu yake. Angeweza kukaa kimya, kesho apeleke skonzi, matumbo yatulie, kura igeuke. Lakini kesho ilikuwa mbali, na Laurie alikuwa hapa.

"Kondoo ni wakavu," alisema.

Wakamgeukia wote.

"Kondoo ni wakavu. Keki ndiyo ina plamu."

"Keki ya matunda huwa na plamu," alisema Doolan kwa upole.

"Si hivi. Haina siagi hata ya kupaka trei. Nimeweka plamu mahali pa siagi. Na mahali pa sukari. Na pumba."

Watu wakarudi nyuma kuhesabu vipande.

"Plamu ngapi, Bi Verna?" aliuliza Hemi.

"Gunia."

Kadogo akakaa juu ya robota.

"Na Jumanne?" aliuliza Doolan.

"Tufaha."

"Tanuri?"

"Tanuri zima kabisa, halijambo."

"Ile ya chokoleti je?" Kadogo aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asijibiwe. "Ile haikuwa na kitu."

"Mamumunye mawili."

"Mimi sili mumunye. Tangu nimezaliwa sijala mumunye. Mama yangu alinichapa, sikula."

"Umekula vipande vitano, baba."

Laurie alikuwa amepata rangi tena, ila sasa ilikuwa nyekundu.

"Nilikwambia usiwaguse. Nilikwambia kwa kinywa changu. Umenifanya niongoze mstari wa kwenda porini katika shamba langu mwenyewe. Hawa ni watu wazima, Verna, wamekuja kufanya kazi, si kulishwa dawa. Nami nimeshasema, bora nife na siagi mdomoni kuliko kuishi kwa uji wa maboga."

"Wewe ufe na siagi mdomoni," alisema Verna, "halafu mimi nibaki na nani? Na kondoo elfu tatu na paka?"

Laurie akafungua mdomo.

"Ngoja, sijamaliza. Miaka thelathini na moja watu hawa wananisifu. Doolan kanisifu, na Doolan hasifu. Nimeishi kwa sifa hiyo. Kisha daktari ananionyesha picha ya moyo wako, ananiambia hii nyeupe hapa, mama, ni mafuta. Nani aliyatia? Mimi niliyatia, kijiko kwa kijiko, mara mbili kwa siku, na nikashukuriwa. Sitaki tena kusifiwa. Nataka uwepo. Sasa mfukuzeni mpishi wenu mkitaka, mna haki hiyo. Ila kondoo msiwasingizie, hawana kosa."

Mmoja wa wale wasichana wa sufu alipenga kamasi kwenye kipande cha manyoya. Wanyoaji walitazama viatu vyao. Kadogo alitazama tumbo lake, maana viatu vyake hakuwa ameviona kwa muda.

"Basi," alisema Doolan hatimaye. "Kondoo kwanza." Akauliza kwa kuinua mikono, na mikono sita ikapanda kwa wakavu, wa Buluu ukiwa wa mwisho na wa chini. "La pili ni chakula. Chakula cha wanyoaji huamuliwa na wanyoaji, tangu babu zetu. Mtaandika siagi au plamu. Siagi maana yake Bi Verna atarudi kwenye keki za zamani mpaka tumalize. Plamu maana yake ataendelea na karatasi yake. Na asiyeshika mashine hana kura."

Akachana vikaratasi sita kutoka daftari la idadi ya kondoo, akagawa. Watu wazima wakaenda kila mmoja pembe yake, wakaandika huku wamekinga kwa kiganja kama watoto kwenye mtihani. Laurie aliwapa mgongo. Alikuwa amesimama kando ya marobota, akiwa na ile kalamu nene nyeusi ya kuandikia chapa za sufu, kazi pekee ambayo madaktari walimwachia.

"Haya, pigeni," alisema bila kugeuka. "Mimi natoka. Sitakaa humu nisikie moyo wangu unapigiwa kura."

Akapita kwenye meza, akainama kuichukua kofia yake, akakumbuka kwamba ina kazi, akaiacha, akatoka kichwa wazi.

Doolan alifungua mbele ya wote. "Siagi. Plamu. Siagi." Buluu akaguna. "Plamu. Plamu. Siagi. Tatu kwa tatu."

"Hapo sasa," alisema Hemi.

Doolan akainua kofia aipeleke kwa mwenyewe, akaitazama ndani, akasita.

"Kuna nyingine."

Haikutoka kwenye daftari. Ilikuwa nene zaidi, imekunjwa mara nne, kingo zake zimelainika kama noti iliyozunguka sana. Doolan akaifungua, akaisoma, akaisoma tena.

"Plamu," alisema. "Chache."

Buluu alikuwa anahesabu kwa vidole. "Sisi tuko sita."

"Naona."

"Na karatasi ni saba."

Doolan aliyatazama maneno yale mawili, herufi kubwa nyeusi, mguu wa kila moja umekatwa mraba, kisha akayatazama marobota ishirini na mawili yaliyopangwa ukutani na chapa zake. Akageuka, akampima Kadogo kutoka juu mpaka chini.

"Kadogo, una kilo ngapi?"

"Mia na thelathini."

"Basi unahesabiwa wawili. Plamu nne, siagi tatu. Imepita."

"Lakini mimi nilipiga siagi," alisema Kadogo.

"Nusu yako ilipiga plamu."

Kadogo alilifikiria hilo, akaonekana kuona kwamba si mbali na alivyojisikia tumboni. Hakuna aliyebisha. Wanyoaji wakarudi kwenye mashine, na yule kondoo nusu uchi, aliyekuwa akizurura bandani tangu saa mbili, akakamatwa avuliwe koti lililobaki.

Doolan alimkabidhi Verna kofia na ile karatasi ya saba. Akaigeuza. Nyuma ilikuwa na maandishi ya kupigwa chapa: badala ya krimu tia mtindi, sukari ipunguzwe nusu. Yake yeye ilikuwa nzima, kwenye friji, hajaichana. Hii ndiyo ile iliyotiwa motoni, ikawaka vizuri. Ilikuwa imekaa mfuko mmoja na kichupa cha dawa, wiki baada ya wiki. Verna alisimama pale akataka kulia na kucheka kwa pamoja, na kwa kuwa watu wanafanya kazi hakufanya hata moja. Akaitia kwenye mfuko wa aproni, akatoka na kapu lake.

Laurie alikuwa amekaa kivulini mwa tangi la maji, anatazama bwawa lililokauka. Verna akamvisha kofia, akakaa kando yake.

"Wameamuaje?" aliuliza.

"Plamu. Chache."

"Ah." Akakuna shingo. "Wanyoaji wa siku hizi hawana msimamo."

"Hawana."

"Haya. Wengi wape."

Bandani mashine zilinguruma moja baada ya nyingine mpaka zikawa sita. Laurie alitazama miguu yake, kisha kapu.

"Humo mna nini?"

"Ile ile ya jana."

"Nikatie kipande."

Verna akatoa kisu. "Kiasi gani?"

"Cha kiberiti," alisema Laurie, na hakumtazama. "Ukubwa wa kiberiti."